Kushindilia Risasi za Bunduki kwa Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu anayemiliki bunduki kihalali, kwa ajili ya shabaha au uwindaji, na anayefikiria kuanza kujishindilia risasi zake mwenyewe. Hakuna vipimo vya baruti humu. Sababu imeelezwa katika swali la 4. Ili kuepuka utata, neno "risasi" linatumika kwa maana ya risasi nzima iliyo tayari kuingia katika chemba, na sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha inaitwa "kichwa".

## Mambo ya msingi

1. Kushindilia kwa mkono ni kufanya nini hasa?

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki (kikombe kidogo cha kitakoni kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti), baruti na kichwa. Tatu kati ya hizo huisha au huondoka pindi bunduki inapofyatuliwa. Ganda hubaki, na kwa kuwa limetengenezwa kwa shaba ya njano, ambayo kwa kawaida ni takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, lina unyumbufu wa kutosha kutanuka hadi kuziba kuta za chemba, kisha kunywea kidogo ili litoke. Kazi ya mshindiliaji ni kulirudisha ganda hilo katika umbo lake na kulijaza upya.

Mfuatano wa kawaida ni huu: ganda husafishwa na kukaguliwa, hupakwa mafuta, husukumwa ndani ya kalibu inayorudisha umbo lake na wakati huohuo kuitoa fataki iliyotumika, hupimwa urefu na kukatwa likihitaji, hutiwa fataki mpya, hutiwa baruti iliyopimwa, na mwisho kichwa huketishwa shingoni. Hakuna hatua iliyo ngumu kwa yenyewe. Ugumu uko katika kuifanya kila moja kwa namna ileile mara mia mfululizo.

2. Je, ni halali?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho haimtaki mtu awe na leseni ili ajishindilie risasi za matumizi yake, ila anayetengeneza za kuuza anahitaji leseni. Nchini Ujerumani, mtu binafsi hupata kwanza kibali chini ya sheria ya vilipuzi, baada ya kufuata mafunzo na kufaulu mtihani. Zipo nchi ambako kutengeneza risasi bila leseni ya kiwanda ni kosa la jinai, na leseni ya kumiliki bunduki haibadilishi lolote. Uliza mamlaka inayotoa leseni za silaha kabla ya kununua hata kifaa kimoja, na uulize mambo matatu kwa pamoja: kushindilia kwenyewe, kununua baruti na fataki, na kiasi unachoruhusiwa kuhifadhi nyumbani. Jibu la swali la kwanza haliwi jibu la mawili yanayofuata.

3. Je, nitaokoa fedha?

Kwa risasi za aina zinazotengenezwa kwa wingi viwandani, akiba ni ndogo au haipo, hasa ukihesabu vifaa na muda. Kwa risasi adimu, za bunduki za zamani au za kuwindia wanyama wakubwa, akiba huonekana mapema zaidi. Hata hivyo, wengi wanaoanza kwa sababu ya akiba huishia kufyatua risasi nyingi zaidi kwa fedha zilezile. Sababu iliyo imara zaidi ni kwamba unaweza kuitengenezea bunduki yako risasi inayoifaa, kwa kichwa ulichokichagua wewe, na kila risasi ikifanana na nyingine kuliko zile za kisanduku cha kawaida.

4. Kwa nini nisitumie kipimo nilichopewa na rafiki mwenye bunduki kama yangu?

Kwa sababu bunduki mbili za jina moja si bunduki moja. Chemba hutofautiana, mitutu hutofautiana, na ganda la kiwanda kimoja huweza kuwa na kuta nene kuliko la kingine, hivyo kipimo kilekile cha baruti kikazalisha shinikizo kubwa zaidi. Kipimo kilichokuwa salama kwake kinaweza kukuharibia bunduki na uso.

Chanzo pekee cha vipimo kinachofaa kwa anayeanza ni kitabu cha vipimo kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, kwa kuwa vipimo hivyo vimejaribiwa katika maabara yenye mitutu ya kupimia shinikizo. Viwango vya juu vya shinikizo huwekwa na taasisi kama SAAMI ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1926, na CIP, iliyoanzia Liège, Ubelgiji, mwaka 1914. Kwa mfano, kikomo cha SAAMI kwa risasi ya .308 Winchester ni paundi 62,000 kwa inchi ya mraba, shinikizo linalotokea sentimita chache tu kutoka kwenye shavu lako. Uwe na vitabu viwili na uvilinganishe. Vikitofautiana kidogo, jambo hilo ni la kawaida, kwa sababu maabara zilitumia mitutu, maganda na fataki tofauti. Anza na kipimo kilicho kidogo zaidi.

## Vifaa na mahali pa kazi

5. Ni vifaa gani siwezi kuanza bila kuwa navyo?

Mashine ya kushindilia iliyofungwa imara kwenye meza, kalibu za aina ya risasi yako, kishikio cha ganda, mizani, faneli, kalipa ya kupimia, kifaa cha kukatia urefu wa ganda pamoja na cha kuondolea makali ya mdomo wake, mafuta ya maganda, trei yenye matundu ya kusimamishia maganda, na miwani ya kukinga macho. Ongeza kitabu cha vipimo na daftari. Pipa la kusafishia maganda ni raha kuwa nalo, lakini kitambaa na subira vinatosha mwanzoni.

Miwani ivaliwe tangu unaposhika fataki hadi unapozirudisha kabatini.

6. Ninunue mashine ya aina gani?

Ya hatua moja, ambayo hushika kalibu moja kwa wakati. Mashine zinazozunguka na kutoa risasi kamili kwa kila mvuto wa mkono ni nzuri kwa mtu anayehitaji risasi nyingi, lakini humtaka mtumiaji aangalie mambo manne au matano kwa wakati mmoja, na anayeanza bado hajui hata moja kati ya hayo lina sura gani likienda kombo. Mashine ya hatua moja hukulazimisha kumaliza kazi moja kwa maganda yote kabla ya kwenda nyingine. Wengi waliokwisha kununua mashine za haraka bado wanayo ile ya kwanza mezani.

7. Mizani ya dijitali au ya kusawazisha?

Zote zinafaa, mradi ziwe na uwezo wa kupima hadi sehemu ya kumi ya greni. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo unapima tofauti ya takriban miligramu sita na nusu, na kwa kiwango hicho upepo wa feni huweza kuidanganya mizani. Ya dijitali husumbuliwa pia na umeme tuli na simu iliyo karibu, na huhitaji kuwashwa mapema ili itulie. Ya kusawazisha ni ya polepole, lakini haina betri. Vyovyote utakavyochagua, nunua vijiwe vya kuhakikishia na uipime mizani kabla ya kila kazi. Chombo cha kumwagia baruti kwa ujazo huharakisha kazi lakini hakichukui nafasi ya mizani.

8. Meza yangu iwe vipi?

Iwe na mwanga, isiwe njia ya watu, na iwe na kopo moja tu la baruti juu yake wakati wowote. Sharti hili la mwisho ndilo ningelitaka liandikwe ukutani. Makosa mabaya ya baruti huanza pale makopo mawili yanaposimama pamoja na mtu kurudisha mabaki katika lile lisilo lake. Baruti iliyokwisha kuchanganywa, au iliyo katika chombo kisicho na jina, haitambuliki kwa macho na haifai tena. Usivute sigara, usinywe pombe, na usishindilie huku ukitazama mpira.

## Maganda na fataki

9. Maganda gani yanaweza kutumika tena?

Ya shaba ya njano yenye fataki ya mfumo wa Boxer. Mulika tochi ndani ya ganda: ukiona tundu moja katikati ya kitako, ni la Boxer, na sindano ya kalibu itaisukuma fataki nje bila shida. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, ni la Berdan, na sindano hiyo itavunjika. Ajabu ya historia ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na mfumo wake ukashika Marekani, ilhali Berdan alikuwa Mmarekani na mfumo wake ukaenea Ulaya.

Maganda ya chuma na ya alumini yaachwe. Maganda ya kijeshi yanafaa lakini yana mambo mawili ya kuangalia: mara nyingi fataki yake imebanwa kwa duara la shaba ambalo ni lazima liondolewe kabla ya kutia fataki mpya, na kuta zake huwa nene zaidi, jambo linalopunguza nafasi ya ndani na kupandisha shinikizo (tazama swali la 4). Yatenge maganda kwa jina la kiwanda lililopigwa chapa kitakoni.

10. Kwa nini nikate ganda wakati nimelirudisha katika umbo lake?

Kwa sababu shaba husogea mbele. Kila ganda linapofyatuliwa na kubanwa tena, sehemu yake hutiririka kuelekea shingoni, na ganda hurefuka. Likipita kikomo, mdomo wake hugota mwisho wa chemba na kukibana kichwa wakati ambapo kingepaswa kuachiwa huru, na shinikizo hupanda ghafla hata kama baruti ilipimwa sawasawa. Kwa .308 Winchester, kikomo hicho ni milimita 51.18. Pima baada ya kurudisha umbo, si kabla, kwa kuwa kubanwa kwenyewe hurefusha ganda. Baada ya kukata, ondoa makali ya mdomo kwa ndani na nje ili kichwa kiingie bila kukwaruzwa.

11. Ganda moja hutumika mara ngapi?

Hakuna idadi moja. Kipimo cha baruti kilicho karibu na kikomo hulimaliza ganda mapema, na vivyo hivyo kalibu iliyowekwa chini kupita kiasi hata ikarudisha bega la ganda (sehemu inayopungua upana kuelekea shingoni) nyuma kuliko chemba inavyohitaji. Katika hali hiyo ganda hunyooshwa kila linapofyatuliwa, na huwa jembamba mahali pamoja, juu kidogo ya kitako, hadi siku linapokatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Dalili ya mapema ni mstari unaong'aa unaozunguka ganda mahali hapo. Njia ya uhakika zaidi ni kuchukua waya mwembamba, ukakunja ncha yake na kuinoa, kisha ukapapasa kuta za ndani kutoka chini kwenda juu. Waya ukinasa katika kijibonde, ganda hilo ni la kutupwa. Sababu nyingine za kutupa ni ufa shingoni na tundu la fataki lililolegea kiasi kwamba fataki mpya huingia bila kusukumwa kwa nguvu. Shingo zinazopasuka mara kwa mara zinaonyesha kwamba shaba imekuwa ngumu kwa kubanwabanwa. Wazoefu huzilainisha kwa joto, lakini joto hilo lisifike kitakoni kamwe, kwa kuwa kitako laini hakiwezi kuhimili shinikizo.

12. Ganda limenasa ndani ya kalibu. Nifanyeje?

Acha kuvuta. Ukiendelea, utang'oa ukingo wa kitako na tatizo litakuwa kubwa zaidi. Vifaa vya kutolea maganda yaliyokwama huuzwa tayari: kitako hutobolewa, hukatwa hesi ndani yake, kisha ganda huvutwa kwa bolti. Chanzo karibu kila mara ni mafuta machache mno. Mafuta mengi mno nayo yana adhabu yake, kwani hujikusanya na kubonyeza bega la ganda, lakini bonde dogo begani ni kasoro ya sura kuliko ya usalama. Yafute yote kabla ya kufyatua.

13. Je, fataki yoyote inayoingia inafaa?

Hapana. Fataki kubwa za bastola na fataki kubwa za bunduki zina kipenyo kimoja, ila za bunduki ni ndefu kidogo na kikombe chake ni kigumu zaidi. Ukitumia ya bastola katika bunduki, kikombe chake laini huweza kutobolewa na gesi ikarudi kuelekea usoni. Tumia aina iliyotajwa kitabuni, na ukibadilisha hata kiwanda tu, rudi kwenye kipimo cha kuanzia. Fataki ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Pitisha kidole na utahisi. Iliyochomoza juu ni hatari katika bunduki zinazofunga komeo (kipande kinachoziba nyuma ya chemba) kwa nguvu.

## Baruti na kichwa

14. Nianze na kipimo gani?

Kile kilichoandikwa kitabuni kuwa cha kuanzia, kwa mchanganyiko uleule wa kichwa, baruti na fataki. Iwapo kitabu kimetoa kikomo peke yake, desturi ni kupunguza asilimia 10 na kuanzia hapo. Panda kwa hatua ndogo, ukishindilia risasi chache kwa kila hatua na kuziwekea alama, na uache kupanda mara unapoipata inayolenga vizuri. Hakuna tuzo kwa kufika kwenye kikomo.

Usiende chini ya kipimo cha kuanzia pia. Baruti inayowaka polepole, ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa, huwaka kwa namna isiyotabirika, na yameripotiwa matukio ya bunduki kupasuka. Kichwa pia huweza kukwama njiani (tazama swali la 19).

15. Kopo la baruti limeisha. Naweza kutumia nyingine inayofanana nayo?

Unaweza kutumia nyingine, lakini kwa vipimo vyake yenyewe na kwa kuanza upya. Baruti zisizo na moshi, ambazo historia yake inaanzia kwa Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, hutofautiana kwa kasi ya kuwaka, na jedwali za kuzipanga kutoka ya haraka hadi ya polepole huonyesha mpangilio tu. Baruti mbili zilizo jirani katika jedwali hazina haki ya kubadilishana vipimo. Majina nayo hupotosha, kwa kuwa tarakimu moja tu huweza kutenganisha bidhaa mbili tofauti kabisa. Kuhusu baruti nyeusi ya kale, usijaribu kamwe kuijaza baruti isiyo na moshi mahali pake kwa ujazo uleule.

16. Nitajuaje kwamba shinikizo limezidi?

Komeo linakuwa gumu kuinuliwa, fataki inabapwa hadi kujaza pembe za tundu lake, kitako kinapata alama inayong'aa ya kitoleo, au fataki inatoboka. Ukiona hata moja, acha, na risasi zilizobaki za kipimo hicho zivunjwe (swali la 20). Kosa la kawaida ni kuamini kinyume chake, yaani kwamba pasipo dalili pana usalama. Baadhi ya bunduki hazionyeshi chochote hadi shinikizo limepita kikomo kwa mbali. Kronografu, yaani kifaa cha kupimia mwendokasi wa kichwa, inasaidia zaidi: mwendokasi unaozidi ule wa kitabuni kwa mtutu wa urefu uleule haukuja bure, umelipiwa kwa shinikizo.

17. Kichwa kikae kwa kina gani?

Fuata urefu wa jumla ulioandikwa kitabuni, kisha hakikisha mambo mawili: risasi inaingia katika magazini, na kichwa hakigusi mifuo ya mtutu (michirizi iliyochongwa ndani yake ili kukizungusha kichwa). Kinachogusa mifuo hupandisha shinikizo, na kilichozamishwa mno ndani ya ganda hupunguza nafasi ya baruti. Kusogeza kichwa mbele na nyuma ili kutafuta usahihi ni sehemu ya utamu wa kazi hii, lakini ni sura ya pili. Kwa bunduki zenye magazini ya bomba, ambamo risasi hulala mbele na nyuma, tumia vichwa butu, kwa sababu ncha kali ingekaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake.

18. Risasi tatu zimepiga karibu tundu moja. Je, nimepata kipimo changu?

Bado. Risasi tatu ni chache mno kutofautisha kipimo kizuri na bahati nzuri. Rudia kwa kumi au zaidi, siku tofauti, na uandike joto la hewa, kwa kuwa baruti nyingi hutoa shinikizo kubwa zaidi kukiwa na joto. Kipimo kilichofikia kikomo asubuhi ya baridi huweza kukipita risasi zikiachwa juani au ndani ya gari. Daftari liwe na tarehe, kiwanda cha ganda, idadi ya mara lilizotumika, fataki, namba ya toleo la baruti, kipimo, kichwa na urefu wa jumla.

## Hali za pekee

19. Bunduki imetoa sauti dhaifu. Niendelee?

Usiendelee. Elekeza mtutu mahali salama, subiri nusu dakika, toa risasi, na uangalie ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba au kwa kupitisha fimbo. Huenda ganda halikuwa na baruti na fataki peke yake imekisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ingekutana na kizuizi hicho, na mtutu ungepasuka. Usijaribu kukitoa kwa kufyatua nyingine. Mpelekee fundi wa silaha.

Kinga iko mezani: kabla ya kuketisha vichwa, simamisha maganda yote katika trei na uyamulike kwa tochi. Ganda tupu huonekana, na lililojazwa mara mbili huonekana zaidi iwapo umechagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, kwa sababu kipimo cha pili kitamwagika.

20. Nimeshindilia risasi kimakosa. Nizivunje vipi?

Kwa nyundo maalumu ya kuvunjia risasi au kwa kalibu ya kung'olea vichwa inayofungwa kwenye mashine. Vaa miwani. Baruti iliyotoka irudi koponi ikiwa tu una hakika ya jina lake. Ganda linalobaki bado lina fataki hai. Wengi huliacha ilivyo na kulishindilia tena, jambo ambalo ni salama kuliko kuisukuma fataki hiyo nje.

21. Nihifadhi vipi baruti na fataki?

Katika vifungashio vyake vya asili, mahali pakavu, penye ubaridi, mbali na moto na watoto, na kwa kiasi ambacho sheria inaruhusu. Fataki zisimiminwe katika chupa au mkebe mmoja: vifungashio vya kiwanda huzitenganisha kwa makusudi, maana zikirundikwa pamoja moja ikilipuka zote hulipuka. Baruti inayotoa harufu kali ya tindikali au vumbi la rangi ya kutu imeoza na iondolewe kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

22. Je, kuna madhara ya kiafya?

Yapo, na hupuuzwa. Fataki nyingi za sasa zina kemikali yenye madini ya risasi, na masizi yaliyomo ndani ya maganda yaliyotumika hubeba madini hayo. Vumbi linalotoka pale maganda yanaposafishwa katika pipa kavu ndilo njia kuu ya kuyavuta. Litenganishe pipa na vyumba vya kuishi, lifunguliwe nje, au tumia usafishaji wa maji. Usile mezani pa kazi, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Palipo na mtoto mdogo au mjamzito nyumbani, kazi hii ifanyike katika jengo tofauti.

23. Naweza kumpa au kumuuzia mwenzangu risasi nilizoshindilia?

Kuuza kwa kawaida kunahitaji leseni (tazama swali la 2). Kutoa bure si salama zaidi, kwa kuwa kipimo kilipatikana kwa chemba yako, si yake. Kwa sababu hiyohiyo, ukikuta mfuko wa risasi zilizoshindiliwa na mtu usiyemjua, hata zikiwa zinang'aa na zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, vunja zote na ubaki na maganda.